Mtu Mzima Si Mtoto wa Chuoni
Anayetaka kutunga vitabu vya kuwasomesha Kiingereza watu wazima waliohamia ugenini, kwanza na asome By the Sea, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, iliyotoka mwaka 2001. Mzee Saleh Omar anashuka Gatwick na kisanduku cha udi, akijifanya hajui Kiingereza, kama alivyoshauriwa. Ofisa anamsemesha kama mtoto, na udi wake anautwaa. Kumbe aliyenyamaza alikuwa na duka la samani, naye amebeba kifuani kisa kizima cha nyumba na deni.

Mtu huyo umfungulie kitabu cha paka na mpira? Hasha! Hata hapa Songea, waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji katika vita vya 1964 hadi 1974 walikuja na kilimo chao. Lugha ndiyo iliyowapungukia. Mradi wa kisomo wa Kanda ya Ziwa, ulioanza 1968, uliwasomesha wakulima kwa vitabu vya pamba na migomba, na huo ndio mwendo.

Riwaya yenyewe Kiingereza chake kizito, haimfai anayeanza. Ni darasa la mwalimu. Naye aangalie pale Saleh anapofungua kinywa: Rachel, mshauri wake wa sheria, amekwisha kumtafutia mkalimani.