Kuchacha na Kuchachuka: Kasoro za Karatasi ya Mpika Bia

Hivi karibuni tuliletewa karatasi ya maelezo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mtu anayepika bia nyumbani kwa mara ya kwanza. Aliyeileta ni mkazi wa Kariakoo, naye alikuwa na swali moja tu: pombe iliyomo ndooni aimwage au aiache? Ukurasa wa kwanza ulimwagiza asubiri mpaka ichache. Ukurasa wa pili ukamwonya kwamba ikichacha haifai tena kunywewa. Siku ya pili aliona povu na kusikia harufu kali. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, alikuwa amefaulu na kushindwa kwa wakati mmoja.

Yafaa kwanza tuitendee haki karatasi yenyewe. Sentensi zake ni fupi, na mkazo wake juu ya usafi wa vyombo ni sahihi kabisa. Kasoro zake ni za istilahi, wala si za mtafsiri huyu peke yake. Zimo pia katika maandishi mengine tunayoyatumia shuleni na maofisini.

Kasoro ya kwanza ni neno kuchacha. Wali uliolala ukatoa harufu umechacha. Mchuzi ulioharibika umechacha. Hii ndiyo maana inayomjia msomaji kwanza, nayo ni ya hasara. Neno hilohilo likipewa kazi ya kutaja badiliko ambalo mpika bia analitaka, yaani sukari kugeuka kileo na hewa ya kabonidayoksaidi, msomaji hana njia ya kujua ni lipi linalokusudiwa. Lugha yetu inalo neno kuchachuka, ambalo laweza kubeba maana hii ya pili bila kutia hofu. Kutokana nalo twapata uchachukaji, jina la tendo linalojiendea lenyewe. Uchachushaji ni jambo jingine: ni kazi ya mtu anayetia hamira na kuchunga joto. Mpika bia huchachusha. Maji matamu ya kimea huchachuka. Karatasi yatumia uchachushaji kwa yote mawili.

Kasoro ya pili ni kuchanganya chachu, hamira na kimea. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari. Hamira ni viumbe hai vidogo sana vinavyokula sukari hiyo na kutoa kileo. Chachu hutumika kwa kitu chochote kinachochachusha, na tena ni sifa, kama tusemapo ndimu chachu. Karatasi yaagiza kutia chachu bila kueleza zaidi. Mtu akienda na neno hilo katika maduka ya Kariakoo, yaelekea atauziwa hamira ya mkate. Hiyo nayo itachachusha, lakini hukawia kutuama na ladha yake si ile iliyokusudiwa. Kuongeza neno moja tu, yaani hamira ya bia, kungaliondoa shaka yote.

Kasoro ya tatu haimo katika neno moja, bali katika tafsiri sisisi. Karatasi yasema ndoo iwekwe katika joto la chumba. Chumba cha nani? Mwandishi wa asili aliandikia nchi za baridi, ambako joto hilo ni kama nyuzi 20 za Selsiasi, na hamira nyingi za bia hupendelea nyuzi 18 hadi 22. Chumba cha Dar es Salaam wakati wa kiangazi huweza kupita nyuzi 30. Katika joto hilo hamira hufanya kazi kwa haraka mno na bia hupata ladha kali isiyopendeza. Hapa mtafsiri alipaswa kuandika tarakimu, na kushauri ndoo iwekwe ndani ya beseni la maji baridi.

Kasoro ya nne ni ya hatari zaidi. Karatasi yasema povu likiisha bia imeiva, itiwe chupani. Povu laweza kutulia huku sukari ingali imebaki. Bia ikizibwa katika hali hiyo, hewa hujikusanya na chupa hupasuka. Kipimo cha kutegemewa ni haidromita, kifaa cha kioo kinachoelea: kisomo chake kisipobadilika kwa siku mbili au tatu mfululizo, ndipo husemwa kuwa uchachukaji umekwisha.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina utamaduni wa kupambanua mambo haya. Twakataa. Wagema wa pwani wamepambanua tangu kale tembo tamu, tembo kali na siki. Hizo ni hatua tatu za kinywaji kimoja, na kila moja ina jina lake na matumizi yake. Wapikaji wa bara nao hawachanganyi togwa na pombe. Hata Kariakoo ni neno lililofinyangwa na wananchi kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Watu hawakosi maneno. Watafsiri ndio wasiowauliza.

Kwa hiyo twapendekeza kuchachuka litumike kwa badiliko linalotakiwa, kuchacha liachiwe kuharibika, na kuumuka libaki kwa unga uliokandwa. Hamira itajwe pamoja na kazi yake, na kimea kisiitwe chachu.

Ama kuhusu ndugu yetu wa Kariakoo, tulimjibu kwamba povu la siku ya pili ni dalili njema, na harufu kali peke yake si sababu ya kumwaga. Afunike ndoo, aipunguzie joto, na asiifungue ovyo. Akiona ukungu umetanda juu, hapo aseme imechacha. Kwa sasa inachachuka tu.