Kuichora Pumzi

Mcheza ngoma humpa mchoraji hatua, na askari humpa upanga. Yogi hampi kitu. Ameketi, macho ameyafumba, na kazi yake yote iko ndani: pumzi inavutwa, inazuiwa, inaachiliwa. Kwa karne nyingi mafundi wa India walitakiwa kukionyesha kisichoonekana, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Wachongaji walianza na mwili wenyewe. Tazama sanamu za kale za Buddha aliyeketi katika tafakuri: misuli haikutuna, mishipa haionekani. Kifua kimejaa, tumbo limefura kidogo juu ya mkunjo wa nguo, ngozi imenyooka kama ubavu wa mtungi. Jiwe limevuta hewa na kuishikilia. Huko Mahabalipuram, kwenye mwamba uliochongwa karne ya 7, fundi mwingine alipita njia tofauti: mtawa wake amesimama kwa mguu mmoja, mikono juu, mbavu zinahesabika. Mwamba huohuo una paka aliyesimama kwa miguu ya nyuma, naye kainua mikono vilevile, panya wakiwa miguuni pake. Aliyechonga hivyo aliijua ibada, na aliwajua pia wanaoiigiza.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ndogo, ya karatasi. Katika karne ya 16 Muhammad Ghawth, shehe wa Kisufi wa Gwalior, aliandika kwa Kiajemi kitabu cha yoga kiitwacho Bahr al-Hayat, yaani Bahari ya Uhai. Kati ya 1600 na 1604, huko Allahabad, mwanamfalme Salim wa ukoo wa Mughal, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Jahangir, alitengenezewa nakala yenye picha za mikao 21. Leo imehifadhiwa Dublin. Katika karakana za Kimughal karatasi ilisuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae, na brashi ilifungwa kwa manyoya ya mkia wa kindi, ncha yake nyembamba kuliko sindano. Kwa zana hizo mchoraji alimkunja yogi, kichwa kati ya magoti, mikono imeziba masikio, mithili ya mtoto tumboni mwa mama. Mstari wa mgongo haukatiki, wala uso haukukunjamana kwa taabu. Mchoraji hakumgeuza mtu huyu kuwa kioja cha kuchekesha watu wa ikulu. Alimtazama kwa makini, akaweka kila kiungo mahali pake, hata msomaji angeweza kuketi chini na kujaribu.

Na mwili wenyewe ukitoweka, fundi achore nini? Mwaka 1823 Bulaki, mchoraji wa Jodhpur, alipewa kazi hiyo na Maharaja Man Singh, mfuasi wa mayogi wa madhehebu ya Nath. Ilimpasa aonyeshe hali iliyokuwapo kabla ya ulimwengu kuumbwa. Ukurasa wake, wenye upana unaozidi mita moja, aliugawa sehemu tatu, na ya kwanza akaijaza dhahabu tupu, kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuweka mtu, mti wala upeo wa macho. Nauona kuwa uamuzi wa kishujaa kuliko wowote katika historia hii, kwa sababu mkono uliozoea kuchora majani ya mti moja moja ulijizuia. Yogi anatokea katika sehemu ya pili, na anapotokea, jicho limekwisha kuandaliwa kumpokea.