Volti 9 na Dhahabu Kidogo: Amplifaya ya Hedifoni Iliyozaliwa Mwakitolyo

Inaimba! Pasi ya kulehemu bado haijapoa mezani, na mimi tayari naandika, kwa sababu amplifaya ndogo ya hedifoni niliyomaliza kuiunga jioni hii hapa Mwakitolyo inaimba. Inaimba kupita bei yake, kupita ukubwa wake, kupita hata nilivyothubutu kutarajia wakati parseli inapanda basi kutoka Dar es Salaam.

Jina lake ni CMoy. Wapenzi wa hedifoni wanalijua: ni mchoro ambao Chu Moy aliutoa bure, mtu yeyote aujenge, na watu wakaujenga kweli, wengi wao wakiufungasha ndani ya kopo la peremende za Altoids mpaka kopo likawa ndiyo sura yake. Seti yangu ilikuja na bodi ya kijani isiyojaza kiganja, aisii moja ya miguu 8 aina ya OPA2134 pamoja na soketi yake, rezista, kapasita, matundu mawili ya jeki ya milimita 3.5, kitufe cha kuzungusha sauti, taa nyekundu na waya wa kushikia betri ya volti 9. Hakuna transfoma, hakuna programu, hakuna kitu cha kuunganisha na intaneti. Nilifurahi kabla hata sijaanza!

Hedifoni zangu ni Beyerdynamic DT 770 Pro za ohm 250, nilizozinunua zikiwa zimeshatumika. Ni hedifoni zinazofunika sikio lote, na hapa hilo ni jambo kubwa, maana kijiji chetu cha wachimbaji hakina ukimya: karasha zinasaga mawe, jenereta zinanguruma, pikipiki zinashuka na kupanda kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Hedifoni zinazuia sehemu nzuri ya kelele hizo. Tatizo ni kwamba simu haina nguvu ya kuzisukuma. Ohm 250 zinadai volti, na simu nyingi haziwezi kutoa volti za kutosha, kwa hiyo muziki unafika ukiwa umenyong'onyea. Kazi ya CMoy ni kuongeza hizo volti.

Na inavyoziongeza ndiyo raha yenyewe, kwa sababu kila kitu unakiona kwa macho. Rezista mbili za kilo-ohm 4.7, zenye pete za manjano, zambarau na nyekundu, zinaigawa betri katikati, na kapasita mbili za mikrofaradi 220 zinaituliza hiyo katikati isiyumbe. Hapo betri moja ya volti 9 imekuwa pande mbili, volti 4.5 juu na volti 4.5 chini, na aisii imepata mahali pa kusimama. Kisha, kwa kila sikio, rezista ya kilo-ohm 10 na nyingine ya kilo-ohm 1 zinaamua sauti ikuzwe mara ngapi: 10 gawanya kwa 1, ongeza 1, jibu ni 11. Hesabu ya shule ya msingi, na ukimaliza kuipiga unaisikia masikioni! Hata kapasita ya kwanza mlangoni, ya mikrofaradi 0.1, ikishirikiana na rezista ya kilo-ohm 100 inaanza kupunguza sauti kwenye hezi 16 hivi, chini ya mahali sikio la binadamu linapoanzia. Yaani besi inapita nzima nzima.

Nililehemu kwa pasi inayotumia betri ya sola ya volti 12, dirisha likiwa wazi ili moshi wa risasi utoke. Soketi ya aisii ikae kwanza, rezista zifuate, kapasita kubwa zije mwisho, na huo mguu mrefu wa kapasita uingie kwenye alama ya chanya bila mjadala. Bodi imechapwa vizuri, matundu yamenyooka, risasi inakimbilia panapotakiwa. Kwa kisanduku nilichagua plastiki. Sababu ni ya kiufundi: katikati ya CMoy si upande wa hasi wa betri, kwa hiyo kopo la chuma likiguswa na jeki na hasi kwa pamoja, nusu ya betri inapigwa shoti. Plastiki inakuondolea wasiwasi huo moja kwa moja.

Halafu kuna jambo ambalo limenikaa rohoni tangu nilipoishika ile aisii. Kwa miaka mingi viwanda vimeunganisha kipande cha silikoni na miguu ya aisii kwa nyuzi za dhahabu nyembamba kuliko unywele. Dhahabu haishiki kutu, inapitisha umeme vizuri, inavutika bila kukatika. Plagi ya waya wangu wa hedifoni nayo imepakwa dhahabu kwa sababu hiyo hiyo. Sisi hapa tunaijua dhahabu ikiwa jiwe linalopandishwa kwa kamba kutoka duarani, ikiwa unga unaotoka kwenye karasha, ikiwa mchanga unaooshwa kwenye mwalo. Tunaijua kwa gramu na kwa bei ya siku. Leo nimeisikia! Mwanafunzi wa Mwakitolyo anayejifunza matumizi ya dhahabu anastahili kushika kitu kama hiki mkononi, si kuambiwa habari za pete na benki peke yake.

Sasa sauti. Nilianza na Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, albamu ya Songs for the Poor Man iliyotolewa na Real World mwaka 1989. Ilipoingia "Kipenda Roho" nilisimama. Magitaa niliyozoea kuyasikia kama kitu kimoja yameachana: hili linapiga solo, lile linajibu, jingine linashikilia ridhimu bila kuchoka, na besi inatembea chini yao kwa uzito ambao simu peke yake haijawahi kunipa. Sauti ya Remmy iko katikati ya kichwa, karibu, ina mikwaruzo yake yote. Nikahamia kwa Hukwe Zawose na ilimba yake, ala ya Kigogo ya ndimi za chuma. Kila ulimi wa chuma unapoachiwa na kidole unasikika unavyotetemeka, na ule mvumo wa pembeni, ambao Wagogo wanautaka makusudi uwepo, unaendelea mpaka unapoishia wenyewe. Kisha nyimbo za Kisukuma za Bhudagala, ambazo huku tumezizoea zikipasuka kwenye spika za vibanda. Zimetulia, maneno yote yanasikika, hata yale ya waitikiaji!

Na nyuma ya muziki hakuna mngurumo. Betri haina kelele ya jenereta wala ya chaja, na hapa kwetu hiyo ni faida ambayo mtu wa mjini huenda asiithamini.

Kijana anayetengeneza simu jirani yangu alikuja kuona, akavaa hedifoni, akazivua. "Braza, hii kitu ni noma. Hiyo aisii naweza kuipata wapi?" Nikamwonyesha miguu 8. Akacheka, kwa sababu mpangilio wa miguu hiyo ni ule ule wa aisii za 4558 zilizojaa kwenye bodi za sabufa zilizokufa dukani kwake, na ule ule wa NE5532. "Zichomoe, mdogo wangu, tuzijaribu moja moja." Hapo ndipo soketi inapolipa. Nadhani 4558 itacheza lakini itachoka mapema kwenye mzigo wa hedifoni, na NE5532 itakaribia kabisa. OPA2134 ndiyo ninayoiamini.

Kasoro? Kukuza mara 11 ni kwingi mno kwa iyafoni za kawaida: kitufe ukikigusa tu sauti imeshafika mbali, na kuna kelele kidogo ya "shhh" nyimbo zinapotulia. Dawa ni rahisi. Toa zile rezista mbili za kilo-ohm 1, weka za 2.2, zenye pete nyekundu tatu mfululizo, na ukuzaji unashuka hadi mara 5.5. Na kwa hedifoni kama zangu, volti 2 hivi zinaweza kufikisha sauti kwenye kiwango cha kuumiza sikio, kwa hiyo anza chini, pandisha taratibu, na kamwe usizivae karibu na karasha au mdomo wa duara, mahali ambapo uhai wako unategemea kusikia mtu akikuita.

Aisii inakula miliampea 8 hivi, hivyo betri nzuri ya alkali itakwenda makumi ya saa. Kama una hedifoni za ohm 250 au 300 zilizolala kabatini kwa sababu simu imezishindwa, agiza seti hii, na uagize betri mbili kabisa, maana ya kwanza hutaipumzisha.