Kigoda kwa Watwachi, mlima kwa Milansi

Nchi ya Ufipa, kwa simulizi ya Wafipa wenyewe, ilibadilisha watawala bila kumwaga damu. Mfalme wa Milansi, wa ukoo wa Ntatakwa aliyeshuka kutoka mbinguni, alikwenda kuwinda. Huku nyuma wakaingia wanawake watatu wageni, Watwachi, wakiongozwa na Mwati, na mke wa mfalme akawapa kigoda cha mumewe, kiti cha ufalme, wakalie. Mwenye kigoda aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kwenda. Akajadiliana, akabakiziwa mlima Itwelele na kijiji chake cha Milansi.

Wengi huishia kumlaumu mke. Mimi naona ufundi wa simulizi hii uko kwenye kile kilichobakizwa. Ukoo mgeni ukiua wenyeji, utatawala watu wanaongoja siku ya kulipiza kisasi. Watwachi waliuacha ukoo wa kale hai, na heshima yake ya ukongwe na ya mambo ya mizimu. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alieleza kwamba Wafipa waliiona Milansi kama kichwa na Watwachi kama kiuno: huku hekima na ukongwe, huku nguvu na uzazi. Kila upande ulimhitaji mwenzake.

Nguvu hiyo ilihitaji chakula, na hapo ndipo intumba inapoingia. Mkulima hukata nyasi, huzifukia chini ya udongo na kuinua tuta la mviringo. Nyasi zinaoza ndani, kisha tuta hubomolewa na kusambazwa, na ulezi hupandwa juu ya mbolea hiyo. Uwanda wa Ufipa una miti michache, kwa hiyo kilimo cha kukata na kuchoma miti kisingefika mbali. Anayelima kwa intumba hana haja ya kuhama kila mara, na asiyehama ni rahisi kumdai kodi. Hata hivyo mtawala hakujitia katika kila kaya. Mkuu wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji, nao waliweza kumwondoa. Juu yake walikuwapo maofisa walioteuliwa na mfalme.

Kisha ukoo wa Watwachi ukagawanyika: Nkansi kaskazini, Lyangalile kusini. Ulaya nako, ukoo wa Habsburg uligawana nchi zake kwa mkataba wa Neuberg mwaka 1379, tawi la Albrecht huku na la Leopold kule, na vifo na kujiuzulu vikazirudisha mikononi mwa tawi moja mwaka 1490. Matawi ya Ufipa yalipigana, lakini hayakuungana tena. Yalitulia kama majirani wawili wenye bibi mmoja, na msafiri Joseph Thomson alipopita mwaka 1880 alikuta watu wa amani, wakulima hasa.

Udhaifu wa mfumo huu ulionekana baadaye. Utawala uliojengwa juu ya cheo na maofisa unaweza kutwaliwa na yeyote atakayekifikia kiti. Mwishoni mwa karne ya 19 mgeni aitwaye Kimalaunga, mwindaji wa tembo, aliishika Lyangalile hadi Wajerumani walipomwondoa. Simulizi ya Mwati ilijirudia, safari hii bila makubaliano ya kumwachia mwenyeji chochote, na haikudumu.

Mamlaka ya machifu ilifutwa kisheria nchini Tanganyika mwaka 1963. Tawi la kaskazini limebaki na jina lake kwenye Wilaya ya Nkasi, makao yake Namanyere. Lyangalile haikubahatika kupata wilaya. Maeneo ya kusini yanaitwa Sumbawanga na Kalambo. Wewe uliyeko Ufipa, kama nyumbani kwenu yuko mzee anayeweza kutaja watawala wa tawi lolote kwa mfuatano, yaandike majina hayo mwaka huu, na uandike pia pale anapotofautiana na mzee wa kijiji cha pili.