Mshono Ambao Sammy Baloji Hakuuficha

Katika Mémoire, mfululizo wa picha ambao msanii wa Kongo Sammy Baloji aliutengeneza mwaka 2006, vibarua wa Union Minière, kampuni ya madini ya enzi za ukoloni, wamesimama katika picha ya nyeusi na nyeupe, na nyuma yao viwanda vilivyokufa vya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, viko katika rangi kamili. Hakuna atakayedhani kuwa watu hao walikuwepo siku viwanda vilipopigwa picha. Ufundi wa Baloji umo humo, kwa sababu kompyuta ingemwezesha kutudanganya vizuri kabisa.

Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alianza na malighafi mbili. Ya kwanza ni picha za zamani za kampuni: vibarua waliopangwa mstari wakiikabili kamera, pamoja na Wazungu waliokuwa wakubwa wao. Ya pili aliipiga mwenyewe: mabomba ya moshi, mabanda matupu, vilima vya taka za tanuri. Mandhari hayo aliyaunganisha kutoka picha kadhaa hadi yakawa picha moja ndefu ya mlalo. Kisha akawakata watu wa zamani kwa kufuata kingo za miili yao, akawapandisha juu ya mandhari kama tabaka.

Mtengenezaji wa michezo ya video naye hutenganisha wahusika na mandhari. Lakini yeye huhangaika mwanga uwapige wote kutoka upande mmoja na rangi zilingane, mpaka mchezaji asahau kuwa vitu hivyo vilitengenezwa mbalimbali. Baloji aliacha tofauti ya rangi ibaki wazi. Alichokilinganisha ni vipimo: kimo cha mtu mbele ya jengo, nyayo zake juu ya udongo, macho yake na upeo wa mbali. Kosa dogo hapo lingewafanya vibarua waelee hewani, na picha ingepoteza nguvu zake zote. Wakasimama imara, wana uzito wa mwili, ila rangi ya leo hawana.

Tena wanatutazama usoni. Kampuni iliwataka waikabili kamera kwa manufaa yake. Baloji amelichukua tendo hilohilo la kuwatawala akaligeuza swali kwetu. Tunaulizwa kazi yao imefikia wapi. Gécamines, iliyoirithi Union Minière baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967, ilizalisha takribani tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi ya Kolwezi, iliporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000.

Baadaye Baloji aliuleta utafiti wake Kolwezi kwenyewe, mji wa mashimo makubwa ya migodi kama Mashamba, Dikuluwe na Musonoi. Katika mfululizo uliobeba jina la mji huo hakukata mtu yeyote. Alizipanga picha za wachimbaji wa mikono na makazi yao ya maturubai pamoja na mabango yaliyochapwa China, yenye bustani, maji na majumba ya fahari, ya aina ambayo watu hubandika ukutani. Kwangu mimi hatua hii ni ya kijasiri zaidi. Mshono umetoka ndani ya picha ukahamia kati ya picha na picha, na kuuvuka ni kazi ya mtazamaji. Anayechimba madini anaishi chini ya turubai, na ndoto yake ameinunua ikiwa imeshachapwa kwingine.

Leo kijana wa Kolwezi anaweza kukata na kupanga tabaka kwa simu yake ya mkononi. Kinachomzuia kufanya kazi ya namna hii ni kukosa ile malighafi ya kwanza, yaani picha za zamani. Wenye kuzitunza picha hizo za migodi, huku Kongo na kule Ubelgiji, wazinakili kidijitali na kuwafungulia vijana wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, bila malipo, wakati wazee wanaoweza kuwatambua waliomo bado wapo.