Bodi Mpya, Keneli Kuukuu

Tukilinganisha bodi ndogo za kompyuta zenye chipu za ARM, wengi tunaangalia mambo matatu: bei, RAM na kasi ya prosesa. Kwa vigezo hivyo Raspberry Pi huonekana ghali na bodi za bei chee hushinda. Tatizo ni kwamba vigezo hivyo vinaacha swali linaloamua kama bodi itadumu: nani anatunza keneli yake?

Keneli ni kiini cha Linux, sehemu inayoongea na vifaa moja kwa moja. Kompyuta ya kawaida ya mezani ikiwashwa huweza kuiambia keneli ina vifaa gani. Bodi nyingi za ARM haziwezi. Ni kama mtaa usio na namba za nyumba, ambako mgeni lazima achorewe ramani. Ramani hiyo ni faili linaloitwa mti wa vifaa: linaeleza kifaa gani kiko wapi na kinaunganishwaje. Juu ya hapo, kila kifaa kinahitaji kiendeshi chake.

Zamani kila kampuni ilijichorea yake ndani ya msimbo. Mwaka 2011 Linus Torvalds alilalamika hadharani kuhusu vurugu hiyo, na keneli 3.7 ya Desemba 2012 ikaanza kuwezesha keneli moja kuwasha bodi za ARM za kampuni tofauti.

Lakini si wote waliofuata. Orange Pi PC ilitoka 2015 kwa dola 15, ikiwa na chipu ya Allwinner H3 na RAM ya GB 1. Kwa karatasi, si mchezo! Ila keneli iliyotolewa na mtengenezaji wa chipu ilikuwa 3.4, toleo la Mei 2012. Mwaka 2016 ikagundulika kuwa ina mlango wa nyuma: programu yoyote ikiandika neno "rootmydevice" kwenye faili fulani, inapewa mamlaka yote ya mfumo. Mlango huo haukuwa kwenye keneli kuu ya Linux. Ulikuwa kwenye nakala ya kampuni, ambayo haikupita kwenye macho ya wakaguzi wa keneli kuu.

Waliosafisha ni wengine, hasa wanajamii wa linux-sunxi. Mtandao wa waya wa H3 ulikaa sawa kwenye keneli kuu mwanzoni mwa 2018, na toleo la 4.15. Mwaka huohuo kampuni ya Bootlin ikaitisha harambee mtandaoni ili kugharamia viendeshi vya video vya chipu za Allwinner. Yaani mtu kanunua bodi, halafu anachangishwa ili ifanye kazi.

Sasa tuilete huku kwetu. Jirani zetu wa Karatu wana shule za sekondari ambako shirika la Powering Potential liliweka Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Tuseme shule moja ya Sigino inataka kuiga, na mtu anashauri bodi 20 za bei chee. Waifai ikigoma, mwalimu atatumia bando kupakua mfumo mwingine, kisha aandike upya kadi 20, moja baada ya moja. Fundi wa Babati mjini anaweza kubadilisha waya ulioungua, lakini hawezi kutengeneza kiendeshi ambacho msimbo wake umefichwa.

Tusiipambe Raspberry Pi kupita kiasi. Nayo ina tawi lake la keneli, na matoleo mapya huchukua muda kukamilika kwenye keneli kuu. Tofauti ni kwamba tawi hilo linatunzwa: hata bodi ya kwanza ya 2012 haikutelekezwa. Hicho ndicho tunacholipia. Na hapa kuna jambo wapenda bei nafuu hawalioni: leo bodi ya H3, kwa mfumo kama Armbian, ni chaguo salama kuliko ilivyokuwa siku inatoka dukani. Bodi ya zamani iliyokwisha kuingia keneli kuu inaweza kuishinda mpya.

Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza: chipu hii imo kwenye keneli kuu? Vifaa gani vinafanya kazi humo na vipi bado? Nani alirekebisha kitu mara ya mwisho, na lini? Na wewe mwanafunzi unayetafuta mada ya mradi, chukua bodi moja, ijaribu kwa keneli mpya, na utume taarifa. Keneli huandika hata jina la aliyejaribu.