Wimbo Mzima Bila Kukata

Katika filamu ya A Star Is Born ya mwaka 1954, Judy Garland anaimba "The Man That Got Away" katika picha moja isiyokatwa, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Wengi huisifu sauti, na inastahili. Mimi nataka tuitazame kazi yenyewe, maana hapa mtu aliyelelewa jukwaani anailazimisha sinema ifuate kanuni za jukwaa.

Ni usiku wa manane katika klabu ya muziki mjini Los Angeles. Wateja wameondoka, na wanamuziki wanapiga kwa raha zao. Esther, anayechezwa na Garland, anaimba pamoja nao, hajui kwamba Norman Maine, nyota wa filamu anayechezwa na James Mason, amejibanza gizani anamsikiliza. Mwongozaji George Cukor alikuwa na mtihani hapo: wimbo uimbwe kwa nguvu zote, lakini uonekane ni wa wenzake walioko chumbani tu.

Muziki ni wa Harold Arlen, maneno ya Ira Gershwin. Wimbo ni mrefu kuliko baa 32 zilizozoeleka enzi hizo. Unaanza chini, karibu na mazungumzo, kisha unapanda ngazi baada ya ngazi. Hugh Martin, aliyesimamia uimbaji, alitaka uimbwe kwa upole. Garland alitaka kuuachilia. Walizozana, Martin akaondoka. Nadhani Garland alikuwa sahihi: ukiimbwa kwa upole, Norman hana sababu ya kumfuata mwimbaji huyu.

Sauti ilirekodiwa kabla ya picha, kwa hiyo kwenye seti aliimba kwa pleibeki. Hapo ndipo ugumu ulipo. Picha ikikatwa mara kwa mara, mhariri anaweza kuficha mdomo uliochelewa. Picha ndefu ya zaidi ya dakika 3 haina pa kuficha chochote. Mtazame shingo na mabega: pumzi inavutwa pale pale inaposikika, na mkono unainuka kabla ya noti kubwa, kama mtu anayeitafuta wakati huo huo. Anaanza karibu na piano, anainuka, anapita katikati ya wapigaji, anawaendea na kuwaacha, na kamera ya mpigapicha Sam Leavitt inarudi nyuma kumpisha. Kila hatua ilibidi iangukie kwenye taa yake.

Lenzi nayo ilikuwa na masharti yake. CinemaScope, mfumo wa skrini pana uliotumika hapa, uliibana picha kwa upana kwenye filamu, kisha projekta ikaitanua ukumbini. Lenzi za miaka ile zilivimbisha uso uliosogezwa karibu mno. Cukor hakupambana na kasoro hiyo. Alimwacha Garland aonekane na mwili wake, vyombo vya muziki vikijaza pande zote za skrini, na sehemu kubwa ya chumba ikiachwa gizani.

Picha hii haikupatikana kirahisi. Kati ya Oktoba 1953 na Februari 1954 onyesho hili lilipigwa upya kwa mavazi matatu tofauti: gauni la kahawia, blauzi ya pinki, na mwishowe gauni la buluu iliyokolea lenye kola nyeupe. Kola hiyo ni uamuzi wa kifundi hasa. Popote Garland anapokwenda katika giza lile, jicho linaufuata weupe ulio chini ya kidevu, na hivyo halipotezi uso.

Uwezo wa kubeba wimbo mzima hakuupata Hollywood. Alizaliwa Frances Gumm mwaka 1922 huko Minnesota, akapanda jukwaani na dada zake akiwa mtoto mdogo sana, akaajiriwa na studio ya MGM mwaka 1935 akiwa na miaka 13. Jukwaani hakuna anayekukatia picha. Unajifunza kugawa pumzi na hisia hadi pazia lishuke. MGM iliachana naye mwaka 1950, naye akarudi kwenye kumbi za maonyesho, London na New York, kabla ya Warner Bros. kumpa filamu hii.

Filamu ilipozinduliwa ilikuwa na dakika 181. Wenye studio wakaipunguza kwa karibu nusu saa, wakatoa hata nyimbo mbili nzima za Garland. Sehemu kubwa ilirudishwa mwaka 1983. Onyesho la klabu hawakuligusa. Norman anamwambia Esther ana kipaji kikubwa, na mtazamaji anakubali kwa sababu ameshuhudia kazi yote ikifanyika mbele yake.